Mgeni nusu bei, mzoefu bei kamili

Nimekaa na hasira hizi tangu sikukuu iliyopita, na kwa kuwa hazipoi naona bora nizitoe. Jina la bustani silitaji. Wa Mwanza mtaijua wenyewe: ni ile ya michezo ya watoto kando ya ziwa, ambayo unasikia muziki wake kabla hujaliona geti. Ina bembea ngapi, bwawa lina kina gani, hayo ulizeni getini kama mna moyo wa kujibiwa ovyo. Mimi nina la kusema kuhusu kadi.

Walipofungua walikuja na kadi ya mteja wa kudumu. Kila ukiingia unagongewa muhuri, na kadi ikijaa unaingia bure, wewe na watoto wako. Niliipenda tangu nilipoishika, na nina sababu. Nauza mitumba ya watoto Mlango Mmoja. Nikifungua belo, kabla sijamwaga mzigo mezani, kuna nguo nazivuta pembeni. Hiki kigauni ni cha mama fulani wa Igoma, hii suruali ni ya yule mwalimu wa Nyakato. Januari ikifika, ada zimeshawakausha watu na soko zima linapiga miayo, hao ndio wanaokuja kuniuliza mzigo umefika lini. Wateja wa Desemba siwakatai, ila hata sura yangu hawaikumbuki. Kwa hiyo nilipoipokea ile kadi nikasema moyoni, hawa watu biashara wanaijua.

Tukawa watu wa pale, tena watu wa katikati ya wiki. Jumanne nafunga meza mapema, nawachukua wanangu wawili na mtoto wa dada yangu, tunapanda daladala, huyoo. Ukienda siku kama hizo unawakuta farasi wa kuzunguka wanazunguka wenyewe, hakuna mtoto juu, mlinzi anapiga soga na muuza aiskrimu. Tumewahi kukaa pale upepo wa ziwa unapuliza mpaka viti vya plastiki vinahama, sisi peke yetu bustani nzima, na kiingilio nimelipa. Tena nikawaletea watu. Wifi yangu wa Buhongwa alikuwa hapajui. Akina mama wa mstari wetu pale sokoni, karibu wote wamepelekwa na mdomo huu huu unaolalamika leo.

Kadi ikajaa. Nikaiweka kwenye pochi ya ndani, nikawaambia watoto hii tutaitumia sikukuu. Siku ikafika. Nguo mpya (za belo, lakini kwao mpya), pilau nimepika, hotpoti begani, tukaenda. Getini watu wamefurika. Na juu ya geti kuna bango jekundu ambalo sijawahi kuliona: WANAOKUJA MARA YA KWANZA, NUSU BEI. Sikulijali. Mimi si nina kadi?

Binti wa dirishani akaipokea, akaiangalia kidogo, akanirudishia.

"Hii leo haitumiki, mama."

"Haitumiki kwa nini?"

"Sikukuu."

"Imeandikwa wapi?"

"Ndiyo utaratibu."

Niliigeuza ile kadi mbele na nyuma. Kuna picha ya mtoto anacheka, kuna namba ya simu, kuna vijumba vya mihuri na vyote vimejaa wino wao. Neno sikukuu halimo. Nikamwambia, mwanangu, niitie mkubwa wako. Akaja kijana kachomekea shati, simu mbili mkononi. Kwa umri mimi ni wa kuamkiwa naye, lakini salamu hakuna, na wala hakuniangalia usoni. Aliiangalia hotpoti.

"Nyie wa kadi ndio mnatujazia watu halafu hamnunui kitu. Mnakuja na vyakula vyenu. Leo ni siku ya wateja wanaotumia hela."

Alisema hivyo. Watu wamepanga foleni nyuma yangu, watoto wangu wameshika sketi yangu, akasema hivyo. Nikamuuliza, zile Jumanne zote nilizokuwa nalipa hapa peke yangu, ile ilikuwa hela ya nani? Ameshageuka, anaongea na simu mojawapo.

Sasa huyu binti, na hapa ndipo ninaposhindwa kuamua nimchukie au nimhurumie, akainama kwenye kidirisha chake akaninong'oneza: "Mama, we sema ndiyo mara yako ya kwanza, nikukatie nusu bei."

Yaani. Kadi imejaa mihuri ya mkono wake mwenyewe, nimeishika, yeye ananiomba nijifanye sijawahi kukanyaga pale. Na nikijifanya, nalipa nusu. Nikisema kweli, nalipa yote. Kabla sijafungua mdomo, huyu wangu wa mwisho, ambaye hajawahi kusema jambo kwa sauti ya chini tangu azaliwe, akauliza: "Mama, mbona sisi tunakujaga kila siku?" Foleni ikacheka. Nikatoa hela, bei kamili, nikamwambia nikatie. Mtakaosema ni kiburi, semeni. Nimekilipia.

Mpaka hapo ilikuwa nyota sifuri na sirudi tena. Ningeishia hapo mngekuwa mmepata maoni mafupi.

Shida ni kaka wa treni. Pale ndani kuna treni ndogo ya watoto, na anayeiendesha anajua kwamba mtoto wa dada yangu anaogopa honi. Hajawahi kuambiwa na bosi. Alimwona siku moja analia, basi tangu hapo mtoto huyo akiwa ndani, honi haipigwi. Siku ile ya sikukuu, watoto wanasukumana, vumbi, muziki unapasua masikio, alituona tukiwa mbali akamnyooshea mkono, akamkalisha behewa la mbele, na akazunguka nao bila honi. Kisha akawaongezea mzunguko mmoja. Kadi hakuniomba. Simwelezi zaidi ya hapo, nisije nikamponza kwa yule wa simu mbili.

Kwa ajili yake nikalainika. Tukatandika kanga chini ya mti, nikafungua pilau, na mahali pa kukaa nilichagua penyewe, pale ambapo meneja akipita lazima atuone tunakula. Alipita. Tulikula.

Usiku usingizi ukagoma, nikaanza kuperuzi. Nilitaka kujua wenye bustani kubwa kabisa za dunia wanawatendeaje watu wanaorudi rudi. Nikafika Disneyland, ile ya Anaheim kule California, iliyofunguliwa mwaka 1955. Nilidhani huko nitakuta ustaarabu wa kumwaibishia mtu. Kumbe! Wale walikuwa na kadi za mwaka, unalipa mara moja unaingia siku nyingi. Januari 2021, bustani ikiwa imefungwa kwa sababu ya korona, wakazifuta zote. Agosti mwaka huo huo wakazirudisha kwa jina jipya, na ile ya juu kabisa waliiuza dola 1,399 wakiitangaza kwamba haina siku zilizozuiwa. Ila ili uingie ilibidi kwanza ushike nafasi kwenye mtandao, na kuna mteja alikwenda mahakamani akisema siku za wenye kadi zilionekana zimejaa huku tiketi za kawaida za siku hizo hizo bado zinauzwa. Kampuni ikakubali kulipa dola milioni 9.5 kumaliza kesi, bila kukiri kosa. Nikacheka peke yangu kitandani. Siyo mimi tu niliyeambiwa leo haitumiki.

Lakini kilichonikalisha kitako ni kingine. Kwenye taarifa yao ya mapato ya Agosti 2022 waliandika kwamba mchanganyiko wa watu wanaoingia Disneyland haukuwa mzuri kwao. Wenye kadi za mwaka wakaelewa mara moja kwamba wanaosemwa ni wao, wanaokuja sana na kununua kidogo, na wakachukia haswa. Maneno ya mahesabu hayo, yamevaa tai, ila mimi niliyasikia kwa sauti ya yule kijana. Mnatujazia watu halafu hamnunui kitu.

Ngoja nimtendee haki lakini, maana na mimi nina meza. Sikukuu bustani inajaa. Kila anayeingia bure anakalia nafasi ya mtu aliyekuja na noti, na foleni ya bembea haijui nani ana kadi. Hilo naliona. Wangeandika tangu mwanzo, pale chini ya picha ya mtoto anayecheka, kwamba kadi inatumika Jumatatu mpaka Alhamisi, ningekubali na asante ningewapa. Tena ndiyo ingekuwa akili. Jumanne farasi wanazunguka nikiwepo nisiwepo, umeme unaliwa, yule mlinzi analipwa soga zake. Kuniingiza bure siku hiyo kunawagharimu nini? Pengine nikiwa nimetulia ningenunua hata hiyo soda yao wanayoiuza mara mbili ya bei ya dukani. Pengine. Chipsi zao hapana, yale mafuta yamekaanga mpaka yamebadilika rangi.

Halafu nikikumbuka bango, hasira zinarudi mbichi. Nusu bei kwa nani? Kwa mtu atakayekuja kupiga picha na ziwa, achafue, aondoke, na asionekane mpaka wapake rangi upya. Sijasema mgeni asikaribishwe. Hata mimi sokoni mtu mpya nampunguzia kidogo ili arudi. Lakini simpunguzii kwa kumsimanga mama wa Igoma aliyesimama pembeni yake anasikia. Na sijawahi kumwambia mama wa Igoma ajifanye simfahamu ndipo nimpe bei nzuri.

Jumapili iliyofuata, kwa hasira hizo hizo, niliwapeleka watoto Saanane. Kile kisiwa kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa, kidogo tu, kilomita za mraba 2.18, unakiona kutoka Capri Point. Kule hakuna aliyejifanya kunipenda. Bei imewekwa wazi, unalipa, boti inakuvusha, unawakuta pimbi wamejilaza kwenye mawe wanakuangalia kama wewe ndiye uliyeletwa waoneshwe. Sikupewa kadi wala kuahidiwa kitu, na nilirudi nyumbani roho nyeupe. Nikawaza, kama mtu hana nia ya kumtunza mteja, si bora asimdanganye? Nilipokuwa sina kadi nilikuwa nalipa na kufurahi. Ni kadi ndiyo iliyonifanya nijione nina haki pale, halafu wakanionyesha kwamba sina.

Lakini Saanane hakuna treni. Mtoto wa dada yangu aliniuliza mara tu tulipoketi kwenye boti, tukiwa hatujafika hata katikati ya maji, yule anko wa treni leo yuko kazini?

Kwa hiyo nyota nawapa mbili. Hapana, tatu: mbili za kaka wa treni na moja ya yule binti wa dirishani, maana nimemfikiria sana na nadhani alikuwa anaiba kwa bosi wake ili kunisaidia mimi, ila namna aliyoijua ya kunisaidia ilikuwa kunifuta. Mwenye bustani nampa sifuri. Mwenye simu mbili ana deni langu la shikamoo.

Mkienda, nendeni katikati ya wiki, na mwende kabla upepo wa mchana haujachachamaa. Maji ya kunywa bebeni. Kama mtapewa kadi, ipokeeni, lakini mwambieni aandike kwa kalamu siku isizotumika na aweke sahihi, hapo hapo dirishani, hata foleni ikinung'unika. Mimi yangu bado ninayo, imejaa vile vile. Naipeleka Jumanne hii, na hotpoti nakwenda nayo.