Tahadhari: kuna muuzaji anauza "Stormy Weather" ya Five Sharps kwenye santuri ya 45, na CD za doo-wop alizochoma mwenyewe

Ndugu zangu wapenzi wa muziki wa zamani, hasa nyinyi mnaonunua kwa njia ya mtandao santuri na CD za doo-wop, ule muziki wa makundi ya waimbaji wa Marekani, au mnaotuma pesa kwa jamaa zenu walioko huku wawanunulie: kuna muuzaji anazunguka, na mimi ameshanila dola 725. Naandika ili asimle mwingine.

Jina lake silitaji. Tangu Januari amebadilisha akaunti mara mbili ninazozijua, kwa hiyo ukikariri jina atakupita mlangoni na jina jingine. Kariri bidhaa zake na maneno yake.

Ilianza hivi. Ninaishi Baltimore, mji uleule alikokulia mwimbaji Sonny Til na wenzake wa kundi la Orioles, na nilikuwa natafuta zawadi ya mjomba wangu aliyeko Mombasa. Mjomba alikuwa baharia. Kila meli yake ilipofunga Kilindini alishuka na santuri mbili tatu chini ya kwapa, na za kundi la Platters ndizo zilizopigwa nyumbani kwetu hadi zikabaki kukwaruza tu. Nikaona tangazo la boksi la CD tano, nyimbo 120 za miaka ya 1948 hadi 1959, "zimetolewa upya kutoka kanda za asili za studio", dola 85. Tulipokubaliana bei, akaniuliza kama napenda vitu adimu. Akanitumia picha ya santuri ya 45, ile ndogo inayozunguka mara 45 kwa dakika: Five Sharps, "Stormy Weather", lebo ya kampuni ya Jubilee, namba 5104. Bei dola 640, "kwa sababu nahama nyumba".

Mwili ulinisisimka, nakiri. Na hapo ndipo nilipopaswa kusimama.

Anayeifuatilia doo-wop anaijua habari ya rekodi hii. Five Sharps walikuwa vijana wa Queens, New York, na Jubilee waliitoa santuri yao mwaka 1952, ikianza na sauti ya radi na mvua. Haikuuzika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kijana mmoja alipeleka nakala yake ya 78 (santuri ya aina ya zamani, inayozunguka mara 78 kwa dakika) kwenye duka la Times Square Records, lililokuwa ndani ya njia za treni za chini ya ardhi mjini New York, ili mwenye duka, Irving "Slim" Rose, awasikilizishe wateja. Santuri ikavunjika humohumo dukani. Slim akatangaza kuitafuta nyingine na haikupatikana. Jubilee nao hawakuwa na kanda mama, ile ya kwanza ya studio, hivyo mwaka 1964 wakawaita waimbaji wengine kabisa, wakaurekodi wimbo upya, wakautoa kwa jina lilelile la Five Sharps na namba 5478. Za 1952 zinazojulikana hadi leo ni chache mno, na zote ni za 78, zile nzito zinazovunjika kama kigae. Ya 45 ya asili yenye namba 5104 haijawahi kuthibitishwa. Zote za 45 zinazouzwa kwa namba hiyo zimegushiwa baadaye.

Mimi habari hii niliijua nusu. Nilijua ni adimu, sikujua kwamba ya 45 haipo. Muuzaji huyu anawinda watu wa namna yangu hasa, wenye mapenzi mengi na ujuzi wa nusu.

Mzigo ulifika baada ya siku kumi na mbili. Boksi la CD nililipeleka Mombasa bila kulifungua, kwa mkono wa jamaa aliyekuwa akisafiri. Mjomba akanipigia simu usiku. Hakulalamika, mzee wa watu. Aliniuliza tu: "Mjomba, hii 'Only You' nani anaimba? Maana huyu siye Tony Williams."

Na kweli hakuwa Tony Williams, mwimbaji wa mbele wa Platters. Platters waliurekodi wimbo huo kwanza kwa lebo ya Federal, kisha wakaurudia Mercury mwaka 1955, na huo wa Mercury ndio dunia iliousikia. Tony Williams aliondoka kundini mwaka 1960. Baadaye Platters wenye sauti nyingine ya mbele waliziimba tena nyimbo zao kubwa kwa lebo ya Musicor. Kijikaratasi cha boksi kiliandika "1955" kando ya wimbo ulioimbwa miaka mingi baada ya hapo. Nikamwomba binamu yangu azikague zote pamoja na mzee. Katika nyimbo 120 walihesabu 34 zilizoimbwa upya uzeeni, nyingine zikiwa na kinanda cha umeme cha miaka ya baadaye. Zilizobaki zilikuwa za kweli, ila zimechukuliwa kutoka mafaili ya mtandaoni yaliyobanwa hadi sauti ya besi ikawa kama mtu anaimba ndani ya mtungi. Ukigeuza CD, mgongo wake ni wa zambarau. Ni CD tupu za dukani alizochoma kwenye kompyuta yake. CD iliyotoka kiwandani mgongo wake ni wa fedha, na karibu na tundu la katikati utaona namba za kiwanda, mara nyingi pamoja na herufi IFPI.

Hiyo 45 nilibaki nayo mimi. Nikampelekea mzee mmoja wa hapa Baltimore ambaye amekusanya santuri tangu ujana wake. Hakuiweka hata kwenye mashine. Aliinamisha chini ya taa na kunionyesha ile sehemu tupu kati ya mwisho wa mtaro wa sindano na lebo. Pale viwanda huacha alama zao: namba ya rekodi, mara nyingine alama ya kiwanda, kama ile pembetatu na namba inayotambulisha santuri zilizochapwa na kiwanda cha Monarch cha Los Angeles kuanzia katikati ya miaka ya 1950. Yangu ilikuwa na namba tu, imekwaruzwa kwa mkono kama iliyoandikwa na msumari. Tulipoipiga hatimaye, chini ya sauti za waimbaji ilisikika mikwaruzo ya santuri nyingine. Yaani mtu alipiga 78, akainasa, akatengenezea 45.

Mzee alinionya jambo jingine ambalo sikulifikiria: karatasi ya lebo kuonekana kuukuu si ushahidi. Hizi za kugushi zilianza kutengenezwa miaka ya 1960 na 1970, kwa hiyo feki nyingine sasa ni kuukuu kweli. Na mjihadhari na santuri nyekundu. Lebo ya Chance ya Chicago ilitoa baadhi ya zake kwa plastiki nyekundu, zikiwemo za kundi la Flamingos, na wagushi wanajua rangi hiyo inavyotutoa mate.

Nilipomwandikia anirudishie pesa, alijibu mara moja tu, kwamba CD hizo "ni halali Ulaya". Jibu hili lina chembe ya ukweli, ndiyo maana linababaisha. Ulaya rekodi zililindwa kwa miaka 50, na muda ulipoongezwa kuwa 70, zile za hadi 1962 zilikuwa zimeshatoka kwenye ulinzi na hazikurudishwa. Ndiyo sababu mnaona CD za bei nafuu kutoka huko, na baadhi ni nzuri. Lakini Marekani, kwa sheria iliyotiwa saini Oktoba 2018, rekodi za kati ya 1947 na 1956 zinalindwa miaka 110. Ya 1952 itatoka mwisho wa 2062. Na hakuna sheria ya bara lolote inayoruhusu kuandika 1955 juu ya wimbo usio wa 1955.

Pesa zangu hazitarudi, kwa sababu ya kosa moja. Aliniomba tutoke kwenye mtandao wa mauzo, kisha nilipe kwa njia ya kumtumia ndugu au rafiki "ili tuokoe makato". Malipo ya namna hiyo hayana ulinzi wa mnunuzi. Muuzaji yeyote akikuomba hivyo, hapohapo muage.

Kama unatafuta matoleo mapya ya kuaminika, yapo. Bear Family, kampuni ya rekodi ya Ujerumani, wana mfululizo wa Street Corner Symphonies, juzuu 15, kila moja na kitabu kinachokueleza nani aliimba nini na lini. Ace wa Uingereza ni waangalifu kwenye kazi zao. Boksi la Rhino la 1993, The Doo Wop Box, lina nyimbo 101 na bado linapatikana likiwa limetumika. Kabla ya kulipa, omba picha ya mgongo wa CD, na kwa santuri omba picha ya ile sehemu tupu karibu na lebo, pembeni yake pawe na karatasi yenye tarehe ya leo. Huyu wangu nilipomwomba, alisema kamera imeharibika, nami nikamwamini.

Picha anayotumia kunasia watu ni hii: lebo ya buluu ya Jubilee, herufi mbili za wino juu ya neno "Stormy", na mpasuko mdogo kulia kwa tundu. Santuri aliyonitumia haina wino wala mpasuko. Jumapili iliyopita nimeiona picha hiyohiyo kwenye akaunti mpya, na bei imeshuka hadi dola 480.