Mavi ya farasi njiani: mfuko wa mkiani au beleshi?

Farasi mzima hutoa kilo 15 hadi 25 za mavi kwa siku, na hangoji kufika zizini. Hunya huku anatembea. Anayempitisha kwenye njia ya waenda kwa miguu ana mawili: kumfunga mfuko chini ya mkia, au kubeba beleshi na kuzoa kila yakianguka.

Kwa bei, beleshi limeshinda, hilo halina mjadala. Kwa uhakika, ni mfuko: kilichoingia humo hakimpati mwenye kiti cha magurudumu wala mtoto anayekimbia. Beleshi linamtegemea mtu, na mtu huyo akiwa peke yake juu ya tandiko, itabidi ashuke, ashike hatamu kwa mkono mmoja, akwangue kwa mwingine, huku baiskeli zinampita ubavuni. Ndiyo maana wengi hujifanya hawakuona kitu.

Mfuko nao una kazi yake. Usipoumwaga na kuusugua kila siku, nzi watakuhamia. Na farasi asiyeuzoea hushtuka ukimgusa mapajani. Mzoeshe kwanza polepole uwanjani, si barabarani.

Ukiendesha gari la farasi njia ileile kila siku, mimi ningechukua mfuko, kwa kuwa unakaa vizuri kati ya mnyama na gari. Ukipanda mara mojamoja, kibeleshi kifupi kinakutosha, au urudi baadaye na toroli. Ila ukichelewa mvua ikanyesha, beba na ndoo ya maji na ufagio mgumu.