Uzoefu wangu na Matplotlib kwenye kuchora poligoni nyingi kutoka kwenye koodineti

Wakuu habari zenu. Nimekuwa naitumia Matplotlib, laibrari ya michoro ya lugha ya programu ya Python, kuchora mipaka ya mikoa, wilaya na kata kama poligoni (maumbo yaliyofungwa), yani una faili limejaa longitudo na latitudo tupu na unataka itoke ramani yenye rangi zake, na nimeona niandike maana naona watu wengi wanaikimbia mapema wakati shida haiko kwenye laibrari, iko kwenye namna wanavyoipa data. Ni ya bure, ni ya Python, aliianzisha John D. Hunter na ilitoka 2003, na yeye mwanzoni alikuwa anatafuta namna ya kuangalia mawimbi ya ubongo ya wagonjwa wa kifafa, mambo ya ramani hayakuwepo kabisa.

Kwanza kabisa achana na kuchora moja moja. Mafunzo mengi yanakuonyesha ax.fill (ax ni eneo la mchoro) ndani ya lupu, au unatengeneza Polygon unaita add_patch, unarudia, unarudia. Kwa mikoa 31 ya Tanzania hutasikia chochote, ila ukija kwenye kata za nchi nzima laptopu ya kawaida inaanza kuhema maana kila umbo linashughulikiwa peke yake. Tumia PolyCollection. Unaipa orodha ya poligoni zote kwa mpigo, hata kama moja ina pointi 5 na nyingine ina 2,000 haijali, unaiweka kwenye mchoro mara moja tu kwa add_collection basi. Hiki ndicho kitu kilichonifanya niipende kweli kweli, tofauti ya spidi unaiona kwa macho.

Sasa hapo kuna pa kuangalia. Kwenye toleo ninalotumia mimi add_collection haisogezi yenyewe mipaka ya mchoro, inabaki 0 mpaka 1, na Tanzania iko huko longitudo 29 mpaka 40 na kitu, kwahiyo unaona ukurasa mweupe unadhani data imeharibika. Ita ax.autoscale_view() ramani inatokea palepale. Ongeza na set_aspect('equal') isije ikavutika, na kwa sisi tulio karibu na ikweta hiyo inatosha kabisa kwa ramani ya kawaida kwa sababu digrii moja ya longitudo na moja ya latitudo zinakaribiana urefu, kilomita 111 hivi. Ukichora Norwe ndio utahitaji mambo ya projeksheni, yani namna ya kuinyoosha dunia ya duara iwe ramani bapa.

Halafu mpangilio wa namba. GeoJSON, aina ya faili la kuhifadhia maumbo ya ramani, inaanza na longitudo ndio inafuata latitudo, imeandikwa hivyo kwenye RFC 7946 ya 2016, waraka wa kiwango chake, lakini sisi mdomoni tunaanza na latitudo na mafaili mengi ya Excel yako hivyo. Dar es Salaam ni 39.28, -6.8. Ukizigeuza inaenda kuangukia Hispania, karibu na mpaka wa Ureno, na hakuna kitakacholalamika maana kwa Matplotlib hizo ni namba tu. Chora pointi moja unayoijua vizuri kabla hujamwaga faili lote.

Rangi nazo zinataka umakini. Mkoa wa Pwani una Mafia, na Mafia ni kisiwa, kwahiyo kwenye data Pwani ni MultiPolygon, mkoa mmoja lakini vipande kibao. Ukivitandaza vipande vyote kwenye orodha moja unapata maumbo mengi kuliko mikoa, alafu ukiipa PolyCollection array (orodha ya namba za kugeuzwa rangi) yenye thamani 31 haitatoa kosa lolote, itazungusha rangi kuanzia mwanzo tena na mikoa itavaa rangi za wenzake. Ramani inatoka nzuri tu inapendeza, ila ni ya uongo, na mtu anaweza akaichukua akaenda kupangia bajeti. Hapa kiukweli natamani wangeweka onyo. Dawa ni kurudia thamani ya mkoa kwa kila kipande chake wakati unavitandaza.

Kinachowashinda wengi zaidi ni mashimo. Chukua Ziwa Victoria, ndani yake kuna Ukerewe, kisiwa chenye watu, mashamba na shule, kwahiyo poligoni ya ziwa ina mstari wa nje na mistari mingine ya ndani ya visiwa. PolyCollection ya kawaida haina habari na shimo, ukiipa mstari wa Ukerewe inaupaka bluu na wilaya nzima imezama. Hapo unahamia kwenye Path, kitu cha Matplotlib cha kueleza njia ya mstari pointi kwa pointi: unaunganisha pointi za mistari yote kuwa orodha moja, kila mstari unauanza na MOVETO, unaendelea na LINETO, na ile pointi ya mwisho ambayo GeoJSON huwa inairudia unaipa CLOSEPOLY, kisha Path zako zote unazipeleka kwenye PathCollection. Sharti ni kwamba mstari wa nje na wa ndani viende pande tofauti, mmoja kinyume na saa mwingine kufuata saa, vikienda upande mmoja shimo linajazwa. Mafaili ya zamani huwa hayafuati hilo, pitisha kwanza kwenye orient ya Shapely, laibrari ya Python ya maumbo, inakunyooshea. Ukerewe ikitokea nchi kavu katikati ya maji unafurahi mwenyewe.

Ukiona nyufa nyeupe nyembamba kati ya kata na kata weka edgecolor='face', zinapotea.

Kama hutaki kushika haya yote kwa mkono GeoPandas, laibrari ya Python ya data za ramani, inakufanyia, na kwa ndani inatumia Matplotlib hiyohiyo, ila mimi nashauri ujue kinachoendelea chini maana siku rangi zikihama utajua pa kushika. Kwa ramani ya kuprinti au ya ripoti, savefig kwenye PDF au PNG ya dpi 300, sijaona sababu ya kulipia kitu kingine. Ila ramani ya kubonyeza kwenye simu, mtu aguse kata aone takwimu zake, hapo nenda Leaflet, laibrari ya JavaScript ya ramani za kwenye wavuti, na uangalie L.polygon yao (ya kuchorea poligoni) inaanza na latitudo.