Huduma ya uhakiki wa taarifa kwa WhatsApp hapa Pemba: maoni ya mtumiaji

Huduma hii, inayoendeshwa na vijana wa Chake Chake, haihitaji programu mpya wala malipo: mtu hupeleka ujumbe anaoutilia shaka kwenye namba yao ya WhatsApp, naye hurejeshewa jibu pamoja na sababu zake. Naipendekeza kwa kila mwenye simu.

Ubora wake umo katika namna wanavyoeleza. Mei 2024, palipotolewa tahadhari ya Kimbunga Hidaya, makundi yetu yalijaa picha ya boti iliyopinduka, ikidaiwa kuwa ni nje kidogo ya bandari ya Mkoani, na wenye jamaa safarini walitaharuki. Jibu la vijana hawa halikuishia kusema kwamba ni uzushi. Lilionesha kuwa picha hiyohiyo ilishachapishwa miaka ya nyuma katika nchi nyengine, likazungushia duara maandishi ya ubavuni mwa boti, ambayo hayakuwa ya lugha yetu, kisha likaeleza jinsi ya kuitafuta picha kwenye intaneti ili kujua ilianzia wapi. Aliyelisoma aliweza kumfahamisha mwenziwe bila ya kugombana.

Kazi ya namna hii ina ushahidi. Watafiti Ethan Porter na Thomas Wood walifanya majaribio kwa wakati mmoja Argentina, Nigeria, Afrika Kusini na Uingereza mwaka 2020, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionesha kwamba uhakiki uliwapunguzia watu imani katika taarifa za uongo, na kwamba sehemu kubwa ya athari hiyo ilikuwepo bado baada ya zaidi ya wiki mbili. Hata hivyo, washiriki wale walipewa uhakiki mkononi wausome. Shehiani kwetu anayeuliza ni kijana mwenye shaka tayari, ilhali bibi yake aliyekwisha kuamini hapelekewi chochote.

Isitoshe, majibu ni maandishi matupu, na uzushi mwingi hutufikia kwa ujumbe wa sauti. Africa Check, shirika la uhakiki wa taarifa, waliwahi kusambaza kipindi cha sauti kwa WhatsApp huko Afrika Kusini. Nawaomba vijana wetu nao warekodi majibu mafupi kwa Kipemba chetu, ambayo mjukuu atampelekea bibi.

Kuhusu kasi, picha ile ilianza kuzunguka asubuhi na jibu likafika baada ya Alasiri. Kwa habari za bahari muda huo ni mrefu mno, na ingefaa angalau wajibu mara moja kwamba wanahakiki na kwamba ujumbe usisambazwe.