Siku mbili kisiwani Ukerewe katika nyayo za waandishi: uzoefu wangu

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa katika shule moja ya sekondari hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na kwa miaka kadhaa tumekuwa na desturi, mimi na walimu wenzangu wachache, ya kukutana Jumamosi ya mwisho ya mwezi kusoma vitabu vya Kiswahili ambavyo darasani hatuvifundishi. Mwaka huo tulikuwa tumemaliza riwaya ndefu ya Aniceti Kitereza kuhusu Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, wengine wakiisoma kwa Kiswahili na wengine, mimi nikiwa mmojawapo, kwa tafsiri ya Kifaransa iliyotolewa Paris katika miaka ya 1990. Tulipofunga kitabu, mwenzetu mmoja aliuliza kisiwa kile kinafananaje, na ikaonekana kwamba kila mtu alikuwa amewaza Ijwi, kwa kuwa ndicho kisiwa tunachokiona tukisimama kando ya ziwa letu. Watatu kati yetu tukakubaliana kwenda Ukerewe kujionea.

Tulijiandikisha kwa simu katika kampuni ndogo ya utalii ya Mwanza ambayo sitaitaja jina, kwa sababu nina malalamiko nayo kama nitakavyoeleza. Walikuwa wakitangaza ziara ya siku mbili ya kuongozwa katika maeneo yanayohusiana na waandishi wa kisiwani, kwa kikundi cha watu wasiozidi wanane, na bei ilikuwa shilingi 95,000 za Tanzania kwa mtu, yaani chini kidogo ya dola 40, ikiwa ni pamoja na tiketi za meli, haisi ya kututembeza, chakula cha mchana na kitanda cha usiku mmoja Nansio, mji mkuu wa kisiwa. Safari ya kutoka Bukavu hadi Mwanza haimo katika hesabu hiyo na wala siwezi kuilaumu kampuni kwa ajili yake: tulivuka mto Ruzizi kuingia Rwanda alfajiri, tukalala Kigali, tukapanda basi linalopita mpaka wa Rusumo, na tukafika Mwanza usiku wa manane miguu imevimba.

Asubuhi ya ziara tulikuwa sita. Pamoja nasi walikuwepo mume na mke kutoka Dar es Salaam waliokuwa likizoni, na binti mmoja mwanafunzi wa chuo pale Mwanza. Meli ya kwenda Nansio hutumia zaidi ya saa tatu, na kwa watu waliozoea boti za ziwa Kivu mwendo wake ni wa utulivu hata usingizi ukakushika. Ratiba ilituahidi viti vya daraja la kwanza. Tulipewa vya daraja la pili, na mhudumu aliyetusindikiza hakuwa na maelezo zaidi ya kusema kwamba vya kwanza vimejaa. Sikuona sababu ya kugombana, ila nililiandika jambo hilo katika daftari langu.

Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika ziwa Victoria, chenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 530, lakini kwa jicho la mtu wa Bukavu kinashangaza kwa jinsi kilivyolala. Ijwi ni mlima uliosimama majini. Huku ardhi imetandazwa, mashamba ya muhogo na miti ya michungwa ikifuatana hadi karibu na maji, na katikati yake mawe makubwa ya mviringo yamepangana kama mizigo ambayo wenyewe wameiacha wakaondoka. Nilielewa papo hapo kwa nini watu wa riwaya ile hutembea sana. Mtu anaweza kutoka kwake asubuhi akaenda ukweni kwa miguu na asikutane na mteremko wa kumvunja magoti, jambo ambalo kwetu, kutoka mtaa wa Kadutu kushuka Nyawera tu, haliwezekani.

Mwongozaji wetu alitupokea gatini. Alikuwa mzee mwembamba, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na wote tulimwita Mwalimu, isipokuwa mwenzangu wa somo la historia ambaye kwa mazoea ya nyumbani alimwita Papa Mwalimu, na mzee akalipenda jina hilo. Mwenzangu huyo alipata mtihani wake wa kwanza hapo hapo, kwa kuwa kijana aliyebeba mifuko yetu alimwamkia "Shikamoo" naye akajibu "Jambo", kama tunavyojibu Bukavu, kijana akasubiri, kimya kikawa kirefu, hadi Mwalimu alipomnong'oneza, "Sema marahaba, baba, umeshakuwa mzee huku." Alikuwa na miaka 41.

Kituo cha kwanza kilikuwa Bukindo, kwenye jumba la watemi wa Wakerewe, nalo nitalipita haraka kwa sababu Mwalimu naye alilipita haraka. Alilitumia hasa kutukumbusha kwamba Gabriel Ruhumbika, mwandishi na mhadhiri aliyezaliwa kisiwani humo mwaka 1938, ndiye aliyeitafsiri riwaya ya Kitereza kwa Kiingereza, tafsiri iliyotoka mwaka 2002. Kisiwa kimoja, alisema, na hao ni wawili. Wa tatu twendeni tukamwone.

Wa tatu ni Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944 na kufariki Januari 2020, baada ya kufundisha Dar es Salaam na kisha Botswana. Namagondo ni kijiji kama vijiji vingine, chenye kuku barabarani na baiskeli zilizoegemezwa kwenye miti, na hatukuonyeshwa bango wala sanamu. Mwalimu alisimamisha haisi, akatuteremsha kivulini, akatoa nakala ya Rosa Mistika na kumpa yule binti wa chuo asome kurasa za mwanzo kwa sauti. Riwaya hiyo, iliyotoka mwaka 1971, inaanzia Namagondo penyewe, katika nyumba ya Zakaria mlevi na Regina mkewe, na nakiri kwamba nilipoisoma Bukavu nililichukua jina la kijiji kama jina tu la kitabuni. Sasa binti alikuwa akisoma habari za nyumba ile, na nyuma yake mama mmoja alikuwa akianika muhogo bila kutujali. Mwalimu alitueleza jinsi kitabu hicho kilivyopigwa marufuku mashuleni kwa sababu ya namna kilivyosema waziwazi kuhusu wasichana na wanaume wanaowaharibu, naye kama mwalimu kijana aliwahi kukisoma kwa kukificha ndani ya daftari la maandalio ya masomo.

Baadaye yakazuka mabishano ambayo sikuyatarajia katika ziara ya utalii. Binti aliusifu ushairi huru wa Kezilahabi katika Kichomi, diwani ya mwaka 1974 iliyowakasirisha watetezi wa vina na mizani. Mwalimu, ambaye kwa mengine yote alimheshimu mwana wa kijiji chake, akasema shairi lisilo na vina ni mtumbwi usio na kafi. Walibishana hadi chakula kikapoa, na chakula chenyewe kilikuwa kimechelewa kwa saa nzima. Kilikuwa ugali wa muhogo na sato wa kukaanga. Sisi watu wa bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, hatukuhitaji kufundishwa namna ya kula, ingawa nitasema kwa haki kwamba samaki wao ni mkubwa kuliko hamu yetu.

Siku ya pili ndiyo iliyonifanya niandike haya. Ratiba iliyochapishwa ilisema tutatembelea "nyumba ya mwandishi na kuona muswada wake" huko Kagunguli. Kagunguli ni parokia ya zamani ya Mapadri Weupe, wale wale tunaowajua sisi wa Kivu, na hapo ndipo Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, alipopata elimu yake ya mwanzo kabla ya kupelekwa seminari ya Rubya. (Mwenzangu alidhani ni Rubya ya msitu wa hapo hapo kisiwani, Mwalimu alimsahihisha kwamba seminari ipo ng'ambo, upande wa Bukoba.) Tulifika, tukaliona kanisa, tukaoneshwa barabara, kisha Mwalimu akatuketisha kwenye mabenchi chini ya mwembe. Nilipouliza kuhusu nyumba na muswada, mzee alionekana kuona haya. Alisema hajawahi kupewa ruhusa ya kumwonyesha mtu chochote cha namna hiyo, na kwamba aliwaambia vijana wa ofisini mara nyingi waiondoe sentensi ile. Yule mume kutoka Dar es Salaam alikasirika, na kwa kweli alikuwa na haki, kwa sababu tulikuwa tumelipia.

Mwalimu alimwacha amalize kusema, kisha akaanza kusimulia. Kitereza aliandika kwa Kikerewe, lugha ya mama yake, akihofia kwamba vijana watasahau namna wazee walivyooana, walivyolima, walivyovua na walivyozikana, na mwaka 1945 akawa amemaliza. Hapakuwa na mchapishaji aliyetaka kitabu kikubwa namna hiyo katika lugha ya watu wachache namna hiyo. Yeye na mkewe Anna hawakubaki na mtoto hata mmoja, na hapo msomaji anaelewa kwa nini riwaya nzima inazunguka nyumba inayosubiri mtoto, ndugu wa mume wakimsema mke vibaya, baba wa mke akija kumchukua binti yake, na Myombekere akikataa kuoa mwingine na kwenda kumwomba arudi. Akiwa mzee, Kitereza aliitafsiri mwenyewe kazi yake kwa Kiswahili. Ilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1980 katika juzuu mbili, miaka 35 tangu aimalize, naye akafariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia.

Kisha Mwalimu akafungua juzuu yake ya kwanza, ambayo gundi yake ilikwisha kuachia na kurasa zilishikwa kwa mpira, akaanza kusoma mahali Myombekere anapokwenda ukweni kumwomba mkewe arudi. Alisoma kwa Kikerewe. Alisoma polepole, akinyamaza kila baada ya maneno machache, na sauti ya baba mkwe ikawa nzito na ya Myombekere ikawa ya mtu aliyeinamisha kichwa. Sikuelewa maana ya kila neno, lakini mwenzangu, ambaye ni Mshi, mtu wa kabila la huko kwetu Kivu, kutoka Walungu, alinigusa mkono mara kadhaa kwa sababu maneno yalianza kwa o na a na e kama ya Kishi, na hapa na pale alilishika moja likiwa zima. Mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo alisimama, akasikiliza, akacheka mahali ambapo sisi hatukucheka.

Nilimwuliza Mwalimu amepata wapi kitabu cha Kikerewe. Akanigeuzia ukurasa nione: ulikuwa wa Kiswahili. "Mama, mimi nasoma hiki kwa macho, mdomo unakirudisha kwao," alinijibu. Ndiyo sababu ya kunyamaza kwake kila mara. Mwandishi alikuwa ameyatoa maneno yake katika Kikerewe ili yapate kusomwa, na mzee huyu, kwa watu sita waliokaa chini ya mwembe, alikuwa akiyarejesha sentensi moja baada ya nyingine. Mimi niliyeifahamu hadithi hiyo kwa Kifaransa niliona haya kidogo, nikakirudisha kitabu changu mkobani. Hata yule bwana wa Dar es Salaam aliacha kutazama saa yake.

Mchana tulipewa nafasi ya kuongeza safari ya kwenda kisiwa jirani cha Ukara kwa malipo ya ziada. Tulikataa. Kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, kikiwa kimejaza watu kupita kiasi, na zaidi ya watu 220 walipoteza maisha. Mtu wa Kivu hahitaji kuelezwa habari hizo mara mbili kabla ya kuuliza jaketi za kujiokolea ziko wapi, na mtumbwi tulioonyeshwa ulikuwa na mbili. Hili ni kosa jingine la kampuni ambalo naliona zito kuliko lile la viti.

Tuliporudi Mwanza nilikwenda ofisini na daftari langu. Kijana wa mapokezi alisema ratiba ile ni ya zamani, akanirudishia shilingi 15,000 kwa ajili ya daraja la meli, na kuhusu nyumba na muswada akaahidi kwamba sentensi itafutwa. Nilipoitazama karatasi iliyokuwa mezani kwake wakati natoka, ilikuwa bado ipo.

Je, naipendekeza ziara hii? Kwa mtu anayetaka kuona majumba na kupiga picha mbele ya sanamu, hapana, kwa sababu mnachoonyeshwa ni kanisa, barabara na muhogo, na bei hiyo itamuuma. Kwa mtu aliyesoma angalau kimoja kati ya vitabu hivyo, bei ni ndogo. Msomeni Kitereza kabla ya kuondoka, hata nusu yake, maana wale wageni wawili wa Dar es Salaam walipata tabu siku nzima ya kwanza. Chukueni kikundi kidogo; tungekuwa kumi na watano, sauti ya mzee isingefika benchi la nyuma. Na kabla ya kulipa chochote, pigeni simu mwulize kama mwongozaji wa siku hiyo ni yule mwalimu mstaafu. Wakisema hayupo, subirini wiki atakayokuwepo.