Pampu tatu za maji katika Probox moja

Saa kumi na moja na nusu alfajiri huwa nishafika soko la samaki la Mji wa Kale, Mombasa. Napakia nguru, changu, na pweza akipatikana, nawafunika barafu, kisha navuka feri ya Likoni kupeleka Diani. Kwenda na kurudi ni kilomita sabini na kitu, siku sita kwa wiki, katika Toyota Probox ya mwaka 2015 yenye injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5. Gari hili ndilo linalosomesha wanangu. Nimelitia pampu tatu za maji, zile za kuzungusha maji ya kupozea injini, kila moja ya aina yake, na zile mbili za mwanzo bado ninazo kwenye ndoo nyuma ya nyumba. Nitaeleza nilivyoziona, kwa sababu kila wiki kuna mtu ananiuliza anunue jenyuini au aftamaketi.

Ukisimama kwenye kaunta za spea za Jomo Kenyatta Avenue utaulizwa, "Wataka gani?" kabla hujamaliza salamu. Jenyuini ni iliyo ndani ya boksi la kampuni ya gari. Eks-Japani imefunguliwa kutoka gari lililovunjwa huko Japani. Aftamaketi ni nyingine zote, na hapo ndipo watu wanapoumia, maana neno hilo moja limebeba kiwanda kinachowaundia Toyota wenyewe na kiwanda ambacho hakuna ajuaye kinapima chuma chake kwa kipimo gani. Muuzaji akikwambia "hii aftamaketi nzuri", bado hajakwambia kitu.

Pampu ya kwanza niliinunua Septemba 2023. Ile iliyokuja na gari ilianza kulia, mlio mwembamba kama wa kinu kisichotiwa mafuta, na fundi wangu wa Buxton akasema beringi imekwisha. Nikanunua ya shilingi 2,300, boksi jeupe lisilo na jina la mtengenezaji popote. Ilikuja na gasketi, ile ya kuziba kati ya pampu na injini, ya karatasi. Ile ya zamani ilikuwa imefungwa kwa gasketi ya bati lenye mpira, na fundi alizishika zote mbili, moja mkono huu na moja mkono huu, akanitazama. "Dada, hii ya karatasi naitia kwa sababu umeileta wewe." Nilimsikia vizuri. Lakini karo ilikuwa imefika, na zile 2,300 ndizo nilizokuwa nazo.

Ilidumu miezi mitano. Februari 2024 nilikuwa na oda ya pili ya mchana, kilo 40 za kamba wa hoteli, nikakwama kwenye foleni ya feri upande wa kisiwani. Jua la saa saba, magari hayasongi, injini inanguruma papo hapo. Taa nyekundu ya joto ikawaka nikiwa nishaingia mteremkoni, pikipiki mbele, matatu nyuma. Nikazima, vijana wakanisaidia kusukuma gari pembeni. Kumbe kulanti, maji ya kupozea injini, ilikuwa inatoka kidogo kidogo siku kadhaa, nami sikuona dalili kwa sababu nyumbani nalaza gari juu ya mchanga, na mchanga unakunywa kila tone.

Fundi alipoitoa pampu alinionyesha jambo ambalo kila mwenye gari anafaa kulijua. Chini ya shafti, ile fimbo inayozunguka, kuna tundu dogo, hata kiberiti hakipiti. Si kasoro, limetobolewa makusudi. Sili ya ndani, inayozuia maji, ikianza kuchoka, maji hutokea hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Kwenye ile pampu yangu, kuanzia kwenye tundu hadi ukingoni, palikuwa na mfereji mweupe wa chumvi uliokauka. "Waona? Maji yameanza kutoka hapa zamani. Na haya si kulanti, haya ni maji ya kisima." Kweli, njiani mara mbili nilikuwa nimejazia maji ya kisima. Maji ya visima vya huku kwetu yana chumvi, na chumvi inakula sili, inakula aluminiamu, inaziba rejeta. Kwa hivyo lawama siitii yote kwenye lile boksi jeupe. Sehemu ni yangu.

Hedi ya 1NZ, yaani sehemu ya juu ya injini, ni ya aluminiamu, na bloku iliyo chini yake pia, haistahimili moto. Mtu wa mashine aliweka rula ya chuma juu ya hedi, akajaribu kupitisha kijibati chembamba cha kupimia katikati yake. Kikapita, maana yake hedi imepinda. Kupinda kunakovumiliwa upande wa bloku ni milimita 0.05, wembamba wa unywele. Kusawazisha hedi shilingi 4,500, gasketi 5,500, ufundi 9,000, kulanti 2,400. Jumla 21,400, kabla sijahesabu kamba ambao jioni ile niliwatoa kwa bei ya hasara sokoni Kongowea.

Baada ya gharama hiyo sikubaki na kitu, na mtu akanishauri ninunue pampu ya eks-Japani kwa 1,800. Ilikuwa Aisin halisi, imetoka kwenye gari la Japani, chuma chake laini. Mei ikaanza kutona kwenye lile tundu. Haikuwa mbovu, ilikuwa imezeeka. Sili ni mpira na kaboni, na mtu mwingine alishaitumia kilomita ambazo mimi sizijui, kisha ikakaa ikikauka safari nzima ya baharini. Tangu hapo nina msimamo wangu: kitu chenye sili au mpira unaoshika maji au oili sinunui kilichotumika. Koili ya moto, inayoipa plagi umeme, ni habari nyingine. Moja ya zangu ilikufa mwaka jana, gari likawa linaruka moto kwenye silinda ya tatu, nikatia ya kampuni ya Denso, eks-Japani yenye namba ile ile, 90919-02240, na hadi leo inachapa kazi. Koili ikiwa nzima utaijua siku hiyo hiyo. Pampu itakudanganya miezi mitatu.

Ya tatu nilikwenda kuitafuta nikiwa na akili zangu. Kwanza nikauliza kwa wakala, jenyuini ndani ya boksi la Toyota: 11,400. Kisha nikauliza Aisin mpya ndani ya boksi la Aisin: 6,200. Aisin ni kampuni ya kundi la Toyota, na ndiyo inayounda pampu nyingi zinazotoka kiwandani na magari hayo. Nikaomba nizione, nikazikagua juu ya kaunta muda mrefu hadi muuzaji akaniletea kiti. Uso wa kuwekea gasketi ni laini sawasawa kwenye zote mbili. Ukizungusha shafti kwa kidole inakwenda kwa uzito, bila kukwaruza wala kucheza. Gasketi ni ya bati lenye mpira kwenye zote. Tofauti niliyoiona ni moja: kwenye ile ya Aisin, ubavuni, pana sehemu ndogo iliyosagwa, pale ambapo kwenye mwenzake pana nembo ya Toyota. Shilingi 5,200 za kiraka kilichosagwa. Nikachukua Aisin, na zilizobaki nikanunua kulanti ya pinki ya kutosha na thamostati mpya, ile vali inayofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata joto.

Hapo kwenye thamostati nina neno. Mafundi wengi wa Mombasa ukiwaambia gari linachemsha, cha kwanza wanaing'oa. "Hapa joto, thamostati ya nini?" Ya injini hii hufunguka kwenye nyuzi 82, na joto la Mombasa, hata Februari, ni nyuzi thelathini na kitu. Ukiing'oa, ukiwa mwendo wa kasi kuelekea Ukunda injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado ni alfajiri na inazidi kumwaga petroli. Huku kwenye foleni, pampu ikiwa haisukumi, utachemsha vile vile. Niliendesha hivyo mwezi mzima baada ya kutengeneza hedi, na mafuta ya 1,500 yaliyokuwa yananirudisha nyumbani hayakunirudisha tena. Thamostati irudi mahali pake. Ikiwa ni ya bei ya soda, usishangae ikikwama imefungwa.

Filta ya oili nayo siibahatishi. Namba ya jenyuini ni 90915-YZZE1, na bei yake haizidi ile ya aftamaketi kwa kiasi cha kumtia mtu majaribuni. Niliwahi kuikata kwa msumeno filta ya bei rahisi baada ya kuitumia: makunjo ya karatasi yalikuwa machache, yamelaliana upande mmoja kama kurasa za kitabu kilicholoa, na gundi imeachia pembeni. Oili ilikuwa inapita bila kuchujwa. Injini hii haina mkanda wa taimingi, ina cheni, na kinachoikaza cheni ni presha ya oili hiyo hiyo. Filta ya hewa, kwa upande mwingine, nanunua yoyote inayokaa vizuri kwenye kasha lake na mpira wake haujapinda. Nikiona imechoka naitupa, haijawahi kuniumiza.

Plagi nimejifunza kusoma. Denso ya kawaida ya injini hii ni K16R-U11, na ile 11 ya mwisho ni nafasi ya milimita 1.1 ambayo cheche huiruka. Feki ni nyingi mjini, hasa za iridiamu, kwa kuwa ndizo zenye bei. Ncha ya iridiamu ya Denso aina ya Iridium Power ina upana wa milimita 0.4 tu, kama sindano. Ukiletewa yenye ncha nene kama ya msumari na boksi linasema Iridium Power, irudishe hapo hapo.

Ile Aisin sasa ina kilomita 38,000. Kila Jumapili kabla sijaosha gari nalala chini na tochi, natazama tundu. Halijalowa. Kilichobaki ni mkanda wa feni, ambao ndio unaoizungusha pampu, na umeanza kupasuka mbavu. Nishaweka kando pesa za mkanda wa kampuni ya Bando, na kama haupo, wa Mitsuboshi.