Aliniuliza fundi yuko wapi, na fundi ni mimi

Naandika maoni haya kuhusu kampuni inayonitunzia seva, hasira zikiwa bado ziko kooni, na sina mpango wa kusubiri zipoe.

Nina mfumo wa matokeo wa shule moja ya sekondari. Mzazi anaingiza namba ya mtoto, anapata ripoti ya PDF. Nimeuweka kwenye seva ya kampuni fulani, kifurushi cha kusimamiwa, yaani seva wanaitunza wao, mimi nashughulika na mfumo. Nililipia kile cha bei ya juu makusudi, ili siku likitokea la kutokea nisiwe peke yangu.

Likatokea jioni ya kutoa matokeo, mwisho wa muhula uliopita. Haikupita robo saa mkuu wa shule akanipigia: "Mwanangu, wazazi wanasema haifunguki." Naangalia, kosa 502 Bad Gateway, yaani seva haikupata jibu kutoka ndani. Najaribu tena, inafunguka. Dakika mbili mbele, kosa lingine, 500. Inakufa, inafufuka, inakufa. Mama mmoja akatuma picha ya skrini na kuuliza kama mtoto wake kafeli ndiyo maana tunaficha.

Logi za mfumo wangu, yaani kumbukumbu za kila kinachotokea, zilisema jambo moja tu: muunganisho wa hifadhidata umekataliwa. Maana yake MySQL, programu inayoendesha hifadhidata, ilikuwa imezimika. Nani kaizima? Hilo lipo kwenye logi za kernel, kiini cha Linux, mfumo unaoendesha seva, na huko kuingia wanaweza wao tu. Nikapiga simu huduma kwa wateja nikamweleza kaka aliyepokea haya haya, kwa utaratibu.

"Dada, hebu nipe aliyetengeneza mfumo niongee naye."

"Nimeutengeneza mimi."

Akacheka. Alicheka mpaka nikasikia mwenzake pembeni anauliza kuna nini. Kisha akaniambia seva yao haina shida, nitafute fundi anisaidie. Akakata. Kufungua tiketi yangu, rekodi ya tatizo langu kwao, nakuta imeandikwa: imetatuliwa.

Imetatuliwa! Wazazi wanalia, mkuu wa shule anapiga kila dakika tano, hakuna aliyefungua logi hata moja.

Usiku nikafungua tiketi nyingine. Kijana wa zamu akanijibu baada ya dakika chache, akanibandikia mstari mmoja: Out of memory: Killed process, na mbele yake jina mysqld, ndiyo ile MySQL. "Pole dada, memori iliisha. PHP imeruhusiwa michakato 50 kwa pamoja na seva ina GB 2. Naishusha iwe 10." Basi. Tangu hapo haikuanguka tena usiku ule.

PHP ndiyo inayoendesha mfumo wangu, na kila ripoti inayotengenezwa ni mchakato mmoja. Kupiga hesabu, PDF moja ilikuwa inakula karibu MB 100 wakati wa kutengenezwa. Hamsini kwa mpigo ni kama GB 5. Linux ikiishiwa memori huua mchakato mmoja ili mingine ipone, na mara nyingi huchagua unaokula zaidi. Kwangu ni MySQL. Inawashwa upya yenyewe, wazazi wanarudi kwa wingi, inauawa tena.

Nusu ya kosa ni langu, nakiri. Ripoti zilitakiwa zitengenezwe mapema, mzazi achukue faili lililo tayari. Sasa ndivyo zinavyofanya kazi, na matokeo ya muhula huu yametoka bila seva kuyumba. Seva ni ya kasi, malipo ni kwa simu, risiti inakuja papo hapo. Nilikaa kuandika nikiwa na nyota nne kichwani.

Ila ile 50 sikuiweka mimi. Waliiweka wao, kwenye seva ya GB 2, kisha wakanituma nikatafute fundi. Yule kaka angefungua logi kabla ya kufungua mdomo angeuona mstari ule ule alioukuta mwenzake usiku. Hakufungua kwa sababu alisikia sauti ya mwanamke, akaona ameshapata jibu.

Nawapa nyota mbili, na zote mbili ni za kijana wa zamu ya usiku. Malipo yangu yanaisha baada ya miezi michache, na hifadhidata nimeshaanza kuinakili kwenda kwingine.